Shajara ya Shani: kinyonga jike aliyeacha kula

Shajara hii naiandika kwa ajili ya yeyote anayefuga kinyonga na ambaye siku moja atamkuta mnyama wake akimtazama mdudu kisha akageuza kichwa. Nitaongeza sehemu mpya kila hatua inapokamilika. Kazi za kila siku, kama kufagia kizimba na kubadilisha maji, nitazitaja kwa ufupi tu, ila makosa nitayaeleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo yaliyonifundisha. Gharama ninazihesabu kwa siku zilizopotea, kwa vifaa vilivyobadilishwa na kwa gramu za uzito wa mnyama.

4 Februari (siku ya 1)

Leo ni siku ya nne Shani hajagusa chakula. Yeye ni kinyonga wa Yemen, aina ambayo jina lake la kitaalamu ni *Chamaeleo calyptratus*, na asili yake ni Yemen na sehemu za Saudi Arabia zinazopakana nayo. Ana umri wa miezi kumi na moja. Najua kuwa ni jike kwa sababu visigino vya miguu yake ya nyuma ni laini, ilhali dume wa aina hii huzaliwa na kijinundu kwenye kila kisigino. Anaishi peke yake katika kizimba cha wavu chenye upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 120, na chakula chake kimekuwa nyenje watano kila baada ya siku moja, walionyunyiziwa unga wa kalisi.

Kabla ya kufanya lolote nilimpima uzito kwa mizani ya jikoni, akiwa ameshikilia kijiti ambacho uzito wake nilikuwa nimeutoa. Alikuwa na gramu 131. Wiki tatu zilizopita alikuwa na gramu 114. Nilifarijika kuona kwamba hajakonda, nikaandika pembeni kwamba huenda nimekuwa nikimlisha kupita kiasi.

Kisha niliandika orodha ya mambo yanayoweza kumfanya kinyonga agome kula: joto lisilofaa, taa ya mionzi iliyochoka, kiu, kuchoshwa na chakula cha aina moja, hofu ya mtu au mnyama au ya taswira yake mwenyewe kwenye kioo, minyoo na vijidudu vya tumboni, kidonda mdomoni, upungufu wa vitamini A ambao huathiri macho na ulimi, ugonjwa wa mifupa laini, siku za kujivua ngozi, na mayai. Neno la mwisho nililikata kwa mstari palepale, kwa sababu Shani hajawahi kukutana na dume. Naomba msomaji aukumbuke mstari huo.

Baada ya kuandika orodha nilifanya kosa la kwanza, ambalo nadhani wengi wetu hulifanya kwa sababu ya huruma. Alasiri hiyohiyo nilisogeza taa, nikapanga upya matawi, nikaingiza mmea mpya, nikabadilisha aina ya wadudu, na mwishowe, baada ya kuona hakuna kinachosaidia, nikajaribu kumfungua mdomo kwa kidole ili nimtie nyenje. Shani aligeuka rangi akawa karibu mweusi, akafura shingo, akanizomea, na hadi taa zilipozimika alikuwa amejibana nyuma ya shina asionekane. Hata kama angekula kesho yake, nisingeweza kujua ni badiliko lipi kati ya hayo matano lililomsaidia.

Gharama: siku moja, na siku tatu nyingine ambazo alijificha kila nilipokaribia.

6 Februari (siku ya 3)

Nimerudisha matawi yalivyokuwa na kuutoa ule mmea. Kuanzia leo nabadilisha jambo moja tu, nasubiri siku mbili, naandika, ndipo naenda kwenye lingine. Iwapo atafumba macho mchana, atashindwa kushika tawi, au atashuka uzito kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, subira hiyo itakoma na nitampeleka kwa daktari siku hiyohiyo. Kinyonga mzima hafumbi macho mchana, na anayefumba ameshakuwa mgonjwa kwa muda kuliko anavyoonekana.

Nimeanza na joto. Kipimajoto changu ni kile cha duara kinachobandikwa ukutani, na kwa miezi yote kimekuwa kikisoma nyuzi 27, nami nikaridhika. Leo nilifunga kihisio cha kipimajoto cha kidijitali juu ya tawi la kuotea joto, kwenye kimo ambacho mgongo wa Shani hufika anapokaa pale, nikakiacha kwa saa moja. Kilisoma nyuzi 35. Kipimajoto cha ukutani kilikuwa kinapima ukuta. Kinyonga jike wa aina hii anahitaji nyuzi 27 hadi 29 hivi mahali pa kuotea joto, na sehemu nyingine za kizimba ziwe za ubaridi zaidi ili achague mwenyewe. Sasa nilielewa kwa nini wiki zile mbili alikuwa akikaa karibu na taa kwa dakika chache tu, rangi imefifia, mdomo umeachama kidogo. Nilikuwa nikidhani anapiga miayo.

Kurekebisha hakukuwa rahisi kama kunavyosikika. Nilipoinua taa kwa sentimita 10 joto lilishuka hadi nyuzi 32, na nilipoiinua zaidi likashuka hadi 24, kwa sababu mwanga ulitoka nje ya tawi. Mwishowe niliiacha taa ilipokuwa mwanzo na kuweka balbu yenye nguvu ndogo, kisha nikashusha tawi kwa upana wa vidole vitatu. Kihisio kikatulia kwenye 28.

Wapo wanaosema kuwa kinyonga akirusha ulimi vizuri basi joto lake halina tatizo. Jambo hilo si la kutegemea. Mwaka 2010 Christopher Anderson na Stephen Deban walichapisha utafiti juu ya aina hiihii ya kinyonga, wakaonyesha kwamba urushaji wa ulimi hauathiriki sana na baridi, kwa kuwa nguvu yake hutoka kwenye nyuzinyuzi zinazovutwa kama mpira wa manati kabla ya kuachiliwa, ilhali kuurudisha ulimi, ambako hutegemea msuli moja kwa moja, hupungua kasi sana. Kinyonga aliyepoa anaweza kabisa kumnasa mdudu. Kinachoshindwa ni tumbo, kwa sababu bila joto chakula hakisagiki, na mnyama mwenye chakula kisichosagika hatafuti kingine.

Matokeo: haachami mdomo tena, na anakaa kwenye tawi kwa muda mrefu. Hajala.

9 Februari (siku ya 6)

Taa ya mionzi ya urujuanimno. Hii ni taa ya mrija inayomwezesha mnyama kutengeneza vitamini D3 kwenye ngozi yake, na bila vitamini hiyo kalisi anayokula haimfai kitu. Mifupa hulainika, taya hulegea, na kinyonga huacha kula kwa sababu ulimi haufiki anapoutuma. Taa hizi zina hila moja: huendelea kung'aa machoni petu kwa muda mrefu baada ya mionzi yenyewe kuisha. Yangu ilikuwa na miezi 14.

Niliazima kifaa cha kupima faharisi ya urujuanimno, namba ileile inayotumiwa katika utabiri wa hali ya hewa. Kwenye tawi taa ya zamani ilitoa 0.8. Wafugaji wa kinyonga wa Yemen hulenga 3 hivi. Taa mpya ilitoa 4.6 nilipoifunga palepale, nikainua kishikio hadi ikasoma 3.1. Wavu wa juu ya kizimba nao huzuia sehemu kubwa ya mionzi, kwa hiyo kipimo kifanyike chini ya wavu, mahali mnyama anapokaa.

Nilimchunguza mifupa kwa macho bila kumshika. Mikono imenyooka, taya imefunga sawasawa, na anapopanda huinua tumbo lake juu ya tawi bila kutetemeka. Upungufu upo kwenye taa, lakini dalili za ugonjwa wa mifupa sizioni.

Jana na leo nimemwona akitembea sakafuni mwa kizimba, jambo asilolifanya kawaida, akikwangua pembe kwa mikono. Niliandika: "Anatafuta njia ya kutoka." Pia ana madoa ya manjano na ya buluu ya bahari kwenye ubavu ambao umekuwa wa kijani kibichi cha giza. Hayo niliyaandika kama rangi za hofu iliyobaki tangu siku ya kwanza.

Gharama: taa moja mpya, siku mbili za kungoja kifaa. Hajala.

11 Februari (siku ya 8)

Maji. Vinyonga walio wengi hawatambui maji yaliyotulia kwenye bakuli, bali hulamba matone yanayometameta juu ya majani. Nilikuwa nikinyunyizia kwa dakika moja asubuhi na nyingine jioni, na kinyesi chake cha mwisho kilinionyesha kuwa hazikutosha, kwa sababu ile sehemu ambayo inapaswa kuwa nyeupe kama chokaa ilikuwa na ncha ya rangi ya chungwa. Macho yake hayajazama, kwa hiyo kiu haijafika pabaya.

Nimetoboa kopo kwa sindano na kuliweka juu ya wavu, tone moja kwa kila sekunde mbili, likiangukia jani pana. Shani alikuja baada ya nusu saa. Alisimama akilielekezea jicho moja tu lile jani, jicho la pili likiwa bado linanilinda mimi, kisha akasogeza kidevu taratibu hadi tone likamgusa ukingo wa mdomo. Alitulia. Tone la pili likaanguka, akainua kishungi cha kichwa nyuma kidogo, koo likaanza kupanda na kushuka, na tangu hapo alikunywa kwa dakika kumi na moja, akifumba jicho kila tone lilipompiga usoni na kulifumbua tena. Sijawahi kumwona akinywa hivyo.

Unyunyiziaji nimeuhamishia usiku wa manane na alfajiri, wakati taa zimezimwa na kizimba kimepoa, ili hewa iwe na unyevu usiku na mchana pakauke. Unyevu mwingi pamoja na joto la mchana huleta maradhi ya mapafu.

Matokeo: kinyesi cha leo ni cheupe. Uzito ni gramu 132. Hajala kwa siku kumi na moja na ameongezeka gramu moja. Nilidhani ni maji aliyokunywa, na kwa kweli sehemu yake ni maji.

13 Februari (siku ya 10)

Chakula chenyewe. Kula nyenje peke yake kwa miezi humchosha kinyonga, hilo ni jambo linalojulikana vizuri, na mara nyingine panzi mmoja wa kijani humwamsha. Nimempa panzi, mende wadogo na viwavi wa hariri, kila siku aina moja, na wote nilikuwa nimewalisha mboga za majani kwa siku nzima ili wasiwe maganda matupu. Nyenje wote waliokuwa wamebaki ndani ya kizimba nimewatoa, kwa kuwa usiku wanaweza kumng'ata mnyama aliyelala.

Hakula, lakini jaribio hili ndilo lililonipa habari muhimu kuliko yote yaliyotangulia, na nisingeipata kama nisingekaa kimya nyuma ya pazia kwa saa nzima.

Kinyonga anapowinda hupitia hatua ambazo mtu anaweza kuzihesabu. Kwanza jicho moja hulikuta windo na kusimama juu yake. Pili kichwa hugeuka, na macho yote mawili hukutana mbele, ndipo anapopima umbali. Tatu mwili husogea mbele kwa kuyumbayumba kama jani. Nne mdomo hufunguka kidogo, ncha ya ulimi ikachungulia. Tano hurusha. Mnyama mwenye kidonda mdomoni, mwenye mifupa laini au mwenye upungufu wa vitamini A hufika hatua ya nne au ya tano kisha hushindwa: hurusha akakosa, ulimi ukafika nusu ya njia, au mdudu akamponyoka kwa sababu ncha haishiki. Huyo anataka ila hawezi.

Shani aliishia hatua ya kwanza. Jicho lilimkuta panzi, likamtazama kwa sekunde mbili, likaondoka. Macho hayakukutana hata mara moja. Alirudia vivyo hivyo kwa wadudu wa aina zote tatu. Yeye anaweza ila hataki. Kwa hiyo nimeweka alama ya chini kwenye maradhi ya mdomo, ulimi na mifupa. Kilichobaki ni tumbo lenyewe, au jambo lililomjaza mpaka chakula kisiwe na nafasi.

15 Februari (siku ya 12)

Nimempeleka kwa daktari wa wanyama mwenye uzoefu wa mijusi na nyoka, na nimebeba kinyesi cha asubuhi kwenye kichupa pamoja na daftari hili. Safari ilifanywa ndani ya kisanduku chenye kijiti cha kushikilia, kimefunikwa kitambaa, kwa sababu giza humtuliza.

Kipimo cha kinyesi hakikuonyesha minyoo wala vijidudu. Mdomo ni msafi. Daktari alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa bila kusema neno, akafika pale nilipoandika habari ya kukwangua pembe, akaweka kidole.

"Ndugu, huyu ana mahali pa kuchimba?"

"Hapana, daktari. Sakafu ni tupu, naifuta kila siku. Lakini hajawahi kukutana na dume."

"Na kuku wa mayai, yeye humsubiri jogoo?"

Alimpapasa tumbo kwa ncha za vidole viwili, polepole sana, huku Shani amening'inia kwenye mkono wangu, kisha akapiga picha ya eksirei. Ubavu wote ulikuwa umejaa viduara, vimepangana kama shanga ndani ya mfuko. Jike wa kinyonga wa Yemen hutengeneza mayai akishapevuka hata kama yuko peke yake maishani, na mayai hayo yasiyo na mbegu lazima yatoke kama yale mengine. Siku za mwisho hujaza tumbo kiasi kwamba chakula hakina pa kukaa, ndipo anaacha kula, huku akiendelea kunywa. Gramu 17 nilizozifurahia hazikuwa mafuta. Madoa ya manjano na buluu hayakuwa hofu. Na hakuwa akitafuta njia ya kutoka.

Daktari alinieleza bila kunificha kwamba hatari ilikuwa karibu. Jike asiyepata udongo wa kuchimba huyazuia mayai, na akiyazuia mno huishiwa nguvu, macho huzama, huanguka sakafuni, na hapo hubaki dawa za kusukuma mayai au upasuaji. Shani bado ana nguvu, macho yako wazi, kalisi inaonekana kumtosha. Alinipa siku chache za kumwandalia mahali, na akanitajia dalili nne za kumrudisha mara moja: kufumba macho, kulala chini bila kuchimba, kuhangaika kujikamua bila kutoa kitu, au kutoa mayai machache kisha kusimama.

Nimerudi kwenye ukurasa wa kwanza na kuliandika upya lile neno nililolikata.

16 Februari (siku ya 13)

Jaribio la kwanza la mahali pa kutagia limeshindwa, na kosa ni langu la haraka. Nilichukua beseni lenye kina cha sentimita 15, nikalijaza mchanga uliooshwa, nikaunyunyizia maji juu, nikaliingiza kizimbani. Shani alishuka baada ya saa moja, akaanza kuchimba kwa mikono yote miwili, mchanga ukiruka nyuma yake. Alipofika chini ya unyevu wa juu alikuta mchanga mkavu, na paa la shimo likamwangukia kichwani. Alitoka, akatikisa kishungi, akachimba pembe nyingine. Likaanguka tena. Mara ya tatu vidole vyake vilifika sakafu ya beseni, navyo vikakwangua plastiki kwa sauti niliyoisikia kutoka chumba cha pili. Akapanda juu, hakushuka tena.

Gharama: siku moja ya nguvu zake, ambayo hakuwa nayo ya kutosha.

17 Februari (siku ya 14)

Jaribio la pili. Ndoo pana yenye kina cha sentimita 35, imejazwa hadi sentimita 30. Nimechanganya mchanga uliooshwa na udongo usio na mbolea, kiasi sawa kwa sawa, nikaukoroga na maji kidogo kidogo ndani ya karai kabla ya kuumimina, ili unyevu uwe mmoja kuanzia juu hadi chini. Kipimo nilichokitumia ni hiki: ukikamata konzi na kuibana, inabaki bonge na haidondoshi maji, na ukichimba njia ya mshazari kwa mkono hadi chini kabisa, paa linasimama lenyewe. Niliacha njia yangu wazi nusu saa kuthibitisha, kisha nikaifukia na kuanzisha shimo dogo la kumwonyesha mahali. Tawi moja linateremka moja kwa moja hadi ukingo wa ndoo.

Pande tatu za kizimba nimezifunika shuka. Upande wa nne niliuacha wazi ili nimwone, na hapo pana kosa jingine ninalolieleza hapa chini.

18 Februari (siku ya 15)

Alianza kuchimba saa nne asubuhi. Kufikia saa saba mchana mwili wote ulikuwa ndani, mkia tu ukibaki nje. Udongo umesimama vizuri. Saa nane nilipita mbele ya ule upande usiofunikwa, hatua tatu tu, kwenda kuchukua daftari. Alikuwa ametoa kichwa kupumzika. Aliniona. Alitoka shimoni akiwa na udongo puani, akapanda hadi kilele cha kizimba, na kuliacha shimo lililomgharimu saa nne.

Jike anayetaga akihisi kuna macho yanayomtazama huliacha shimo, kwa sababu porini anayemwona akichimba atakuja kuyala mayai. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo na bado nikaacha upande mmoja wazi kwa ajili ya hamu yangu ya kuona. Sasa pande zote nne zimefunikwa, na nimetoboa shuka kitundu cha upana wa penseli kwenye kimo cha ndoo. Mlango wa chumba umefungwa. Maji yanadondoka yenyewe.

19 Februari (siku ya 16)

Hakushuka. Macho yako wazi, anashika tawi kwa nguvu, amekunywa. Sikuingia chumbani ila mara mbili. Nimempigia daktari, akasema tusubiri siku moja zaidi.

20 na 21 Februari (siku ya 17 na 18)

Alishuka jana saa tatu asubuhi na kuchimba mahali papya, karibu na ukuta wa ndoo. Jioni taa zilipozimika zenyewe alikuwa bado chini, nami sikuziwasha wala sikumtoa. Jike akiwa shimoni taa zizimwe saa ile ile ya kila siku, hata akilala chini ya udongo.

Leo alfajiri, kwa kitundu, nilimwona amegeuka: kichwa nje, mkia ndani, macho nusu, mwili ukibana na kuachia. Saa tano alianza kufukia. Alivuta udongo kwa mikono, akaukanyaga na kuushindilia kwa miguu ya nyuma, akazunguka, akauvuta tena, kwa saa mbili nzima, hadi uso wa ndoo ukawa sawa kama haukuguswa. Nilingoja mpaka akapanda mwenyewe. Kumtoa kabla hajamaliza kufukia ni kumrudishia wasiwasi bure.

Nilipochimba nilikuta mayai 43, meupe na marefu kidogo, yote mazima. Uzito wake sasa ni gramu 84. Kutoka 132 amepungukiwa zaidi ya theluthi moja ya mwili wake kwa siku kumi, na hilo lilionekana: ngozi imekunjamana kwenye mbavu, macho yamezama kidogo, mikono imejaa tope kavu. Nilimwachia maji yadondoke kwa dakika arobaini. Alikunywa karibu muda wote.

22 Februari (siku ya 19)

Amekula. Saa tatu asubuhi nilimwekea panzi mmoja kwenye tawi, sentimita 15 kutoka alipokuwa. Jicho moja likamkuta. Kichwa kikageuka. Macho yote mawili yakakutana mbele, nami nikajua kabla hajafungua mdomo. Alikula watatu, wote wamenyunyiziwa kalisi, na alasiri akanywa tena.

2 Machi (siku ya 28)

Uzito gramu 93. Anakula kila siku kwa wiki hizi mbili ili kurudisha alichopoteza, wadudu wadogo wenye kalisi, na mara mbili kwa mwezi unga wenye vitamini na D3. Daktari amepima kinyesi tena, hakina kitu. Eksirei ya pili imethibitisha kuwa hakuna yai lililobaki, na naona kila mwenye jike aiombe picha hiyo, kwa kuwa yai moja lililosalia linaweza kuoza ndani.

24 Machi (siku ya 50)

Uzito gramu 102. Kuanzia leo ninapunguza chakula hadi wadudu watatu, mara tatu kwa wiki, na tawi la kuotea joto nimelishusha hadi nyuzi 27. Jike anayelishwa sana na kupashwa joto sana hutengeneza mayai mengi na mara nyingi zaidi, na kila utagaji humnyang'anya kalisi na nguvu. Mayai 43 ni matunda ya nyenje watano na nyuzi 35.

Ndoo ya kutagia imekuwa sehemu ya kudumu ya kizimba. Ninaulowesha udongo kila baada ya siku nne, na kila Jumapili nachimba njia kwa mkono kuona kama paa linasimama. Kwenye daftari nimeongeza safu tatu ambazo hazikuwepo: madoa ya ubavuni, kutembea sakafuni, na uzito unaopanda huku chakula kikishuka. Zikijazwa zote tatu, shuka inafunika kizimba siku hiyohiyo.

Leo asubuhi safu zote tatu ni tupu. Shani amekula panzi wawili, wa tatu amemwacha akaenda kuota joto.